Nilijibu "Yes", Bosi Akaelewa Kinyume

Shikamoo Bi Mwalimu,

Mimi ni msichana wa miaka 26, nakaa Kisauni na mamangu na wadogo zangu wawili. Tangu mwaka jana nafanya kazi mtandaoni: najibu wateja wa duka moja la Uingereza linalouza mapazia na vyombo vya jikoni. Kazi yenyewe ni chati tupu, hakuna kupiga simu. Mteja anauliza kifurushi chake kiko wapi, mimi naangalia kwenye mfumo, namjibu. Malipo si haba. Ndiyo yanayolipa kodi ya nyumba na karo ya mdogo wangu aliye shule ya sekondari.

Kiingereza nimesoma tangu darasa la kwanza na shuleni sikuwa mbaya. Hata nikizungumza na mtu ana kwa ana, mambo yanakwenda. Balaa ni kuandika.

Wiki mbili zilizopita mteja mmoja alitaka oda yake ya mapazia ifutwe, halafu akabadili nia. Msimamizi wangu akaniuliza kwenye chati: "You haven't cancelled it yet, have you?" Nikajibu haraka: "Yes." Nilimaanisha ndiyo, sijaifuta. Yeye akaelewa kwamba nimeshaifuta, akamrudishia mteja pesa zake, na mapazia nayo yakasafirishwa. Mteja akabaki na pesa na mapazia. Nilipojieleza, msimamizi akaniandikia kwamba majibu yangu yanamchanganya, na si mara ya kwanza. Amenipa hadi mwisho wa mwezi nijirekebishe.

Tangu siku hiyo naogopa kuandika, Bi Mwalimu. Nimeanza kutumia programu ya akili unde (AI). Naandika kwa Kiswahili, yenyewe inanitolea Kiingereza kitamu, chenye maneno mengine hata mimi siyajui. Siku tatu za kwanza nikajiona nimepona. Halafu mteja akaniuliza jambo la haraka, nikamjibu mwenyewe kwa maneno yangu, naye akaandika: "Am I talking to the same person?" Niliona haya hadi nikafunga kompyuta na kumwambia mama stima imepotea.

Jambo jingine linaloniuma ni kwamba kila nikitaka kumuuliza msimamizi kitu, naanza kwa adabu. Namwandikia "Hi", nasubiri. Wakati mwingine hajibu kabisa. Naona kama ananidharau kwa kuwa niko Afrika.

Rafiki yangu ananishauri nikariri Kiingereza kizito cha ofisi. Binamu yangu anasema niache kabisa, nikatafute kibarua cha duka Mwembe Tayari. Nifanyeje?

Mwenye Hofu ya Kibodi,
Kisauni

*

Marahaba, mwanangu.

Nimeisoma barua yako mara mbili. Kisa cha mapazia umekieleza kwa sentensi chache, nami nikajua nani aliuliza, nani alijibu, na pesa zilikwenda wapi. Mtu anayeweza kupanga tukio hivyo anajua kuandika. Kwa hiyo ya binamu yako tuyaweke kando. Nimefundisha Kiingereza hapa Mombasa miaka 22, na makosa unayonieleza nimeyasahihisha kwa wino mwekundu mara nisizoweza kuhesabu. Yanatoka mahali pamoja: ni Kiswahili chako safi kinachoingia ndani ya Kiingereza bila wewe kukiona. Ukishajua milango kinakopitia, utaweza kukizuia.

Tuanze na hiyo "Yes" iliyokuponza. Sisi tukiulizwa swali lenye kukanusha, tunajibu yale maneno ya muulizaji. "Hujala?" "Ndiyo, sijala." Hiyo ndiyo yetu inamwambia mwenzetu: umesema kweli. Kiingereza hakijali muulizaji ameuliza vipi, kinatazama kitendo peke yake. Kama kitendo kimefanyika, jibu ni "Yes". Kama hakikufanyika, jibu ni "No", hata aulize kwa kukanusha au bila kukanusha. Msimamizi wako alipokuuliza kama hujafuta, na kweli hukuwa umefuta, alikuwa akingojea "No". Ukampa "Yes", naye akafanya ambalo Mwingereza yeyote angefanya.

Lakini sitaki ukariri kanuni hiyo, maana kanuni hukimbia pale wateja wanne wanapokuita kwa pamoja. Nataka uache kabisa kujibu maswali kama hayo kwa neno moja. Andika kitendo chenyewe: "I have not cancelled it. The order is still open." Hata ukitanguliza "Yes" kwa mazoea, sentensi inayofuata itakuokoa. Na ukiwa unakanusha jambo la pesa au la tarehe, andika "cannot" na "did not" kwa ukamilifu wake. Ile "can't" inasimama kwa herufi moja tu mwishoni, kidole kikiteleza kwenye simu ndogo unakuwa umeahidi usichoweza.

Sasa hili la "Hi" isiyojibiwa. Nimeliona limekuuma, na nadhani limekuuma bure. Kwetu pwani salamu ni mlango. Ukienda kwa mtu unabisha hodi, unangoja ukaribishwe, unaulizwa ya nyumbani, mama hajambo, watoto hawajambo, na mwisho kabisa ndipo unaulizwa kilichokuleta. Anayeanza na shida yake moja kwa moja ataambiwa hakulelewa. Kwa hiyo unaandika "Hi" na unasimama mlangoni kungoja karibu, na kwa malezi yetu umefanya sawa.

Yule wa upande wa pili haioni hiyo hodi. Huenda anajibu watu kumi kwa wakati mmoja. "Hi" yako inamwambia kuna mtu anataka kitu, haimwambii ni kitu gani wala kama ni cha haraka. Anaiacha kwanza ashughulikie wale ambao haja zao anazijua, halafu anasahau. Hapo hapajawa na dharau. Weka salamu na haja katika ujumbe mmoja: "Good morning. Order 4471 arrived broken. Can I send the customer a new one?" Umemsalimu, umemweleza, umemuuliza, naye anaweza kukujibu kwa neno moja akiwa anakunywa chai. Tazama pia kwamba swali limekuja mwisho na ni moja. Ukimuuliza matatu kwa pumzi moja atajibu la mwisho na mawili yatapotea, na utamfuata tena kumsumbua.

Kuna jambo hukuliandika lakini nalihisi kwenye barua yako, kwa sababu msimamizi alisema si mara ya kwanza. Akikuomba kitu usichokiweza, unamjibuje? Nina hakika unaandika "I will try", au "Let me see". Kwetu hilo ni jibu kamili. Fundi wa nguo akikwambia "tutaona, inshallah" kuhusu kanzu ya Idi, mwenye akili anaanza kutafuta fundi mwingine, na hakuna aliyevunjiwa heshima. Mwingereza akisoma "I will try" huenda akaelewa kwamba kazi utaifanya kweli. Siku ikifika hana kitu mkononi, na machoni pake wewe ndiye uliyemdanganya. Kusema hapana kwa mtu anayekulipa kunachoma, najua, nami nililelewa hivyo hivyo. Basi hapana yako ivike tarehe: "I cannot finish this today. I can send it by Monday, 10 a.m. your time." Inshallah ibaki moyoni mwako, hapo ndipo mahali pake, na kwenye skrini iwepo siku na saa.

Nimeandika "your time" kwa makusudi, maana saa zetu nazo zina mtego. Kichwani mwako jioni ni saa moja, kwenye kibodi lazima iwe 7 p.m., na mtu aliyechoka huandika 1. Isitoshe, Uingereza wako nyuma yetu kwa saa tatu wakati wa baridi na saa mbili wakati wa kiangazi. Wao husogeza saa mbele Jumapili ya mwisho ya Machi na kuzirudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba, sisi hatugusi. Hizo Jumapili mbili ziweke alama ukutani. Mwezi uandike kwa jina lake pia, kwa sababu 3/4 kwa Mwingereza ni tarehe 3 Aprili na kwa Mmarekani ni tarehe 4 Machi, na siku utakapopata mteja wa Marekani itakugharimu. Na kama kwenu bado mnahesabu siku kwa desturi ya wazee, ambapo usiku wa Ijumaa ni ule unaoanza Alhamisi jua likitua, usije ukamwahidi mteja "Friday night" ukiwa na Alhamisi akilini. Nilikuwa na mwanafunzi, kijana wa Mji wa Kale, aliyempangia mgeni safari ya dau usiku mmoja kabla. Dau likangoja, mgeni akala chakula chake hotelini kwa amani, na nahodha alitaka malipo yake.

"Sorry" nayo tuiangalie kwa makini, kwa kuwa wewe unajibu wateja wenye hasira. Kiswahili kina pole na kina samahani, na kila moja ina kazi yake. Mtu akijikwaa barabarani unampa pole ijapokuwa si wewe uliyeweka jiwe. Kiingereza kimeyabebesha yote mawili neno moja. Ukiandika "Sorry" kavu, mteja mwenye kinyongo atalichukua kuwa ni samahani, kwamba umekiri kosa, na atadai fidia. Ukitaka kutoa pole andika "I am sorry to hear that." Ukitaka kuomba radhi, litaje kosa na ulimiliki: "I am sorry. I sent the wrong size." Kati ya hizo mbili usikwame. Chagua moja kabla hujagusa kibodi.

Na ukiinuka kwenda kuswali au kufungulia mtu mlango, usiandike "I'm coming." Nakuja yetu ya kuondoka haieleweki huko. Atakungoja kwa dakika zote hizo akidhani uko njiani. Andika "I will be back in ten minutes", na urudi kwa dakika kumi.

Makosa ya sarufi nitayapitia upesi kwa sababu kwa kweli ndiyo madogo. Usianze sentensi kwa "Am" ukimaanisha mimi ni. Ni "I am" au "I'm", na hili ni kosa la Wakenya wengi, hata wenye digrii. Ukitaja jana, usiseme "I have sent it yesterday", sema "I sent it yesterday". Hiyo "have" haikubali kukaa pamoja na wakati uliotajwa na kuisha. "I am having a question" na "I am understanding" zinatokana na -na- yetu, ziandike "I have a question" na "I understand". Yeye wetu hana jinsia, wa Kiingereza anayo, kwa hiyo kama hujui mteja ni mwanamume au mwanamke andika "the customer" au "they", usibahatishe. Na vile vifupisho vya meseji za marafiki, "u" na "plz", vibaki kwa marafiki.

Rafiki yako wa Kiingereza kizito amekosea, na lawama nyingine ni yetu sisi walimu. Insha zilipokuja tulikuwa tukizipa alama kwa ajili ya misamiati ya kuvutia, jua lililochomoza kwa madaha na ndege walioimba mitini, tukawafanya watoto waamini kwamba Kiingereza kizuri ni kile kisichoeleweka mara ya kwanza. Mteja wa mapazia hahitaji kuambiwa kwamba "the aforementioned consignment has encountered a delay." Anahitaji kuambiwa "Your parcel is late. It will arrive on Thursday." Shuka siku moja ufuo wa Jomo Kenyatta pale Bamburi, wasikilize wauza vinyago na waendesha ngamia wakizungumza na Wajerumani na Waitaliano. Wengine hawakupata kufundishwa lugha hizo darasani. Maneno yao ni machache na mafupi, kila neno linafanya kazi, na bei inaeleweka pande zote mbili. Mji huu umeishi kwa kuelewana na wageni tangu zama za majahazi, na tangu 2009 nyaya za intaneti zilipofika kwetu kwa njia ya baharini, wageni wengine tunawapokea kupitia kompyuta. Wewe uko katika kazi ileile ya babu zako waliokuwa wakipima bei bandarini.

Ile programu ya akili unde sikukatazi. Nakuomba ubadilishe mpangilio. Sasa hivi unaipa Kiswahili inakupa Kiingereza, na wewe unakuwa tarishi wa barua usiyoweza kuisoma. Mteja akiuliza swali la pili huna jibu kwa sababu la kwanza halikuwa lako. Ndiyo maana yule alidhani mmekuwa watu wawili, na kwa haki kabisa. Andika wewe kwanza kwa Kiingereza chako kifupi, kisha iombe ikuonyeshe makosa bila kubadilisha maneno yako, na neno lolote ikuleteapo usilolijua usilitume. Kila kosa inalokuonyesha liandike kwenye daftari la karatasi. Utashangaa kuona ni yaleyale yanayojirudia, na baada ya muda mkono utayakwepa wenyewe. Halafu jina la mteja, anwani yake na nambari yake ya oda visiingie humo hata kidogo. Kenya tuna Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, Uingereza wana yao, na mwajiri wako anaweza kukufukuza kwa hilo hata kama Kiingereza chako hakina doa.

Kabla ya kutuma ujumbe wowote mrefu zaidi ya mistari mitatu, usome kwa sauti, ya chini lakini isikike. Pumzi ikikatika kabla ya nukta, sentensi hiyo ni ndefu, ikate mara mbili. Wanafunzi wangu walikuwa wakicheka nikiwaambia wasome kwa sauti. Waliofanya hivyo ndio waliokuwa wakiniletea kazi safi. Na wale wateja wanaouliza mambo yaleyale kila siku, kifurushi kuchelewa, rangi isiyofanana na picha, pesa kurudishwa, waandikie majibu yao mapema ukiwa umetulia, asubuhi baada ya mahamri na mbaazi, uyaweke kwenye faili. Zamu ikipamba moto unachukua jibu na kubadilisha siku na kiasi. Hayo yatakuwa maneno yako mwenyewe, kwa hiyo sauti haitabadilika katikati ya mazungumzo.

Limebaki la msimamizi. Umejieleza mara moja ukiwa umetishika, na maelezo ya mtu aliyetishika huwa marefu. Mwandikie tena, hivi:

"Good morning. Two weeks ago I answered 'Yes' about the curtain order. I meant that I had not cancelled it. That was my mistake, and I am sorry. From today I will answer in full sentences and give the order number each time. If a message from me is not clear, please tell me the same day."

Usiongeze kitu hapo, wala habari ya mapazia yalivyokwenda, wala kwamba Kiingereza si lugha yako ya kwanza, kwani hilo analijua. Sentensi ya mwisho ndiyo ninayoitaka zaidi. Akikwambia siku hiyohiyo utarekebisha kosa moja. Akinyamaza hadi mwisho wa mwezi atakurundikia yote kwa pamoja. Mtumie asubuhi ya kwao anapofungua kazi, si usiku, ukaja kufunikwa na ujumbe wa watu wengine. Kisha mfungulie mteja wa kwanza, na jibu lake uliandike wewe mwenyewe.

Akikujibu, niletee alichosema neno kwa neno, tukisome pamoja.

Bi Mwalimu